Bagi kwenye toleo thabiti: irekebishe, usiifiche
Wenzangu mnaotengeneza programu hapa Lamu, za maduka, za gesti, za boti za abiria, nawaomba hili moja. Toleo likishakuwa thabiti, yaani limeshatolewa kwa wateja walitegemee, na mteja akaja na bagi, yaani kosa ndani ya programu, msikimbilie kuzima ule ujumbe wa era (taarifa ya hitilafu) ili skrini ionekane safi, maana hesabu huku nyuma zinaendelea kuharibika na mwenye duka hana habari, ni sawa na kupaka jahazi rangi mahali panapovuja bila kutia kalafati. Tafuta chanzo, andika kwanza testi (jaribio dogo la programu) inayofeli kwa sababu ya bagi hiyo, ndo urekebishe, na kiraka (yale mabadiliko ya msimbo) kiwe kidogo, usichomeke vipengele vipya humohumo (hapa wengi ndo tunapoharibu). Wale wa kerneli ya Linux, kiini cha mfumo huo wa kompyuta, wana sheria naipenda sana, kiraka cha toleo thabiti kisizidi mistari 100 pamoja na ile ya kandokando inayoonyesha badiliko liko wapi, na marekebisho lazima yawe yameshaingia kwenye tawi kuu (msimbo mkuu yanakotoka matoleo yajayo), ili toleo lijalo lisirudi na bagi ileile. Kama leo kweli haiwezekani, zima kile kipengele chote, waambie watu wazi kimezimwa na kwa nini, na logi (kumbukumbu za programu) ziacheni ziandike.