Somo: Mafuta yanavyopotea kwa uendeshaji, na namna ya kuyaokoa

Swali la kwa nini gari dogo la cc 1500 linakula mafuta kuliko lilivyotarajiwa limejibiwa hapa mara nyingi mno, nami nimeona ni heri niandike jibu moja lililokamilika, ili atakayeuliza tena aelekezwe huku. Nachukulia kwamba plagi, chujio la hewa na oili vimekwisha kukaguliwa na fundi. Ninachoeleza hapa ni uendeshaji wenyewe, kwa magari ya petroli ya EFI, yaani yale ambayo kompyuta ndiyo inayopima petroli inayoingia kwenye injini, nayo ndiyo yaliyojaa katika barabara zetu.

Hatua ya 1. Pima. Jaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe, rudisha kipimo cha safari kwenye sifuri, endesha kwa kawaida yako, kisha jaza tena katika kituo kile kile na ugawe kilomita kwa lita ulizoongeza. Kilomita 480 kwa lita 40 ni kilomita 12 kwa lita. Mshale wa dashibodi hautoshi kuwa kipimo.

Hatua ya 2. Jaza upepo wa tairi kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, tairi zikiwa baridi.

Hatua ya 3. Shusha mizigo isiyohusika na safari, na uvue keria ya juu ikiwa haitumiki.

Hatua ya 4. Tazama mbali. Mwendo unaouua kwa breki umekwisha kuulipia kwa petroli, kwa hiyo anayechomoka kwenye taa za Barabara ya Ali Hassan Mwinyi ili akasimame nyuma ya foleni anayoiona kwa macho yake amelipia kasi ambayo haikumfikisha popote. Ondoka taratibu, acha nafasi, na uinue mguu mapema.

Hatua ya 5. Usishuke mlima na frii. Hapa naomba msomaji atulie, kwa sababu wengi wanaamini kwamba kuweka gia kwenye N mteremkoni kunaokoa mafuta. Katika gari la EFI, ukiinua mguu kabisa huku gia ikiwa ndani, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na kompyuta hufunga nozeli zisimwage petroli hata kidogo, mpaka mizunguko ishuke karibu na ile ya gari lililosimama. Ukiweka N, uhusiano huo unakatika, na injini inalazimika kuchoma mafuta ili isizimike. Kwa hiyo katika mteremko mkali, mwenye frii ndiye anayetumia petroli nyingi zaidi. Kabureta, yaani mfumo wa zamani wa kuchanganya petroli na hewa, haina kompyuta hiyo, na nadhani mazoea haya yametoka huko.

Onyo la kwanza: katika mteremko kama Kitonga, gari lisilo kwenye gia hubebwa na breki peke yake, breki zikipata moto kupita kiasi hupoteza nguvu ya kushika, na kona inayofuata haitakusubiri. Shuka na gia ndogo, yaani 2 au L kwa gari la otomatiki. Onyo la pili: usizime injini kamwe ukiwa kwenye mwendo. Usukani utakuwa mzito, kisaidizi cha breki kitaisha nguvu baada ya kukanyaga mara chache, na ukichomoa ufunguo usukani unaweza kujifunga.

Hatua ya 6. Punguza kasi safarini. Upinzani wa hewa hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo. Ukitoka kilomita 80 kwa saa kwenda 100, upinzani huo unaongezeka kwa zaidi ya nusu.

Hatua ya 7. Usiache injini ikiunguruma bure. Injini ndogo iliyosimama huchoma takriban nusu lita hadi lita moja kwa saa, na kiyoyozi huongeza.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Dodoma: Mkuu, gari langu linakula sana mafuta. Tatizo ni nini?

Jibu: Linakula kiasi gani? Fanya hatua ya 1, kisha urudi na namba.

Mwanachama wa Mbeya: Nimeshuka Kitonga na frii kwa miaka mingi na sijapata ajali. Mambo haya ni ya vitabuni.

Jibu: Sikuandika kwamba kila anayefanya hivyo hupata ajali. Nimeandika kwamba hakuna petroli anayookoa, na kwamba breki zake zinabeba kazi ambayo injini ingeifanya bure. Mambo haya yamo ndani ya injini unayoiendesha.

Mwanachama wa Moshi: Shikamoo mwalimu. Je, katika mteremko mdogo, ambapo gari lililo kwenye gia linapunguza mwendo mpaka nilazimike kukanyaga tena mafuta, frii haina faida?

Jibu: Marahaba. Umeuliza swali zuri. Hapo hesabu inabadilika, kwa sababu gia inakupotezea mwendo ambao utalazimika kuununua tena. Hata hivyo faida ya frii katika mteremko kama huo ni ndogo sana, nawe unapoteza uwezo wa kuongeza mwendo ghafla ukihitaji kukwepa. Baki kwenye D na uguse mafuta kidogo tu, kiasi cha kutunza mwendo.

Mwanachama wa Tanga: Naomba kuuliza kuhusu taa ya njano iliyoandikwa O/D OFF. Gari langu ni Toyota ya otomatiki, na ninapokwenda kasi injini inalia sana.

Jibu: Asante, dada, kwa kueleza dalili pamoja na swali. Kuna kitufe kwenye mkono wa gia, na huenda kilibonyezwa bila kukusudia. Taa hiyo ikiwaka, gari linazuiwa kuingia gia ya juu kabisa, hivyo safarini injini inazunguka zaidi na kula zaidi. Kibonyeze taa izimike. Kitufe chenyewe kina kazi yake: kibonyeze taa iwake unaposhuka mteremko wa kawaida, ili injini isaidie breki.

Mwanachama wa Tanga: Imezimika na injini imetulia. Lakini jirani yangu ya kwake inawaka na kuzimika yenyewe.

Jibu: Hiyo haihusiani na kitufe. Taa inayopepesa ni giaboksi inayoeleza kwamba ina hitilafu, na jirani aipeleke kwa fundi mwenye mashine ya kusoma makosa kabla hajasafiri nayo.