Beji ya bluu ya maegesho nchini Uingereza: mwongozo kwa familia zinazozungumza Kiswahili

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiketi na wazee wetu waliohamia Uingereza kutoka Zanzibar, Mombasa, Bukavu na Lubumbashi, nikiwasaidia kujaza fomu ya beji inayomruhusu mtu mwenye ulemavu kuegesha gari karibu na anakokwenda. Nimeyaona maombi mengi yakirudi yamekataliwa, na mara nyingi sababu haikuwa kwamba mwombaji hakustahiki. Sababu ilikuwa malezi yetu: tumefundishwa kutolalamika mbele ya wageni, na fomu hii humtaka mtu aeleze dhiki yake kwa vipimo. Ninaandika mwongozo huu hasa kwa ajili ya hilo.

Beji hii, ambayo Waingereza huiita Blue Badge, ina mizizi katika kifungu cha 21 cha sheria ya mwaka 1970 kuhusu wagonjwa wa muda mrefu na watu wenye ulemavu. Ilianza kutolewa mwaka 1971 ikiwa na rangi ya chungwa, na mwaka 2000 ikabadilishwa kuwa ya bluu. Tarehe 30 Agosti 2019 kanuni za England zilipanuliwa ili ziwafikie pia watu ambao ulemavu wao hauonekani kwa macho, kama vile wenye usonji au wenye hofu kubwa inayowazuia kutoka nje. Maelezo yanayofuata ni ya England. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina kanuni zao, zinazofanana kwa mengi lakini si kwa yote.

Hatua ya kwanza: tambua njia inayokuhusu

Zipo njia mbili. Ya kwanza ni ya wale wanaostahiki moja kwa moja, ambao hawahitaji kupimwa tena kwa sababu serikali imekwisha kuwapima kwa jambo jingine. Humo wamo wanaopata kiwango cha juu cha sehemu ya mwendo katika posho ya ulemavu ya DLA (Disability Living Allowance), waliopata pointi 8 au zaidi katika kipengele cha kutembea cha PIP (Personal Independence Payment, posho ya watu wazima wenye ulemavu), waliosajiliwa kuwa na upofu mkubwa, na wale wanaopokea nyongeza ya usafiri kwa majeruhi wa vita. Wamo pia waliopata pointi 10 katika kipengele cha PIP cha kupanga na kufuata safari, kwa maelezo kwamba hawawezi kusafiri popote kwa sababu safari ingewaletea fadhaa kubwa mno. Hapa watu wengi hujikwaa: aliyepata pointi 12 katika kipengele hicho haingii moja kwa moja, ingawa 12 ni nyingi kuliko 10, bali hulazimika kupita njia ya pili. Soma barua yako ya PIP hadi ukurasa wa pointi kabla ya kuchagua.

Njia ya pili ni ya wanaopimwa na halmashauri: asiyeweza kutembea kabisa, anayetembea kwa shida kubwa sana, anayeweza kupata madhara makubwa au kuwadhuru wengine akiwa anatembea, dereva mwenye ulemavu mkubwa wa mikono yote miwili asiyeweza kutumia mashine za kulipia maegesho, na mtoto wa chini ya miaka 3 ambaye hali yake inalazimu abebewe vifaa vizito vya tiba au awe karibu na gari wakati wote. Kwa watu wazima hali yenyewe inatarajiwa kudumu angalau miaka 3, ila mgonjwa ambaye maisha yake yanakaribia mwisho hushughulikiwa kwa haraka.

Kuna swali ambalo huulizwa kwa sauti ya chini. Mtu ambaye viza yake ina sharti la kutotumia fedha za umma hawezi kuomba PIP wala DLA, na akiomba anaweza kujiharibia mambo yake ya uhamiaji. Beji ya bluu, hata hivyo, haimo katika orodha ya fedha hizo. Mtu wa namna hiyo, akiwa mkazi wa eneo la halmashauri, aombe kwa njia ya pili bila woga.

Hatua ya pili: kusanya hati

Utahitaji kitambulisho, uthibitisho wa anwani, picha ya uso ya hivi karibuni, namba ya bima ya taifa ikiwa unayo, na barua kamili ya posho kwa wanaopita njia ya kwanza. Kwa njia ya pili ongeza orodha ya dawa zenye vipimo vyake, barua za hospitali na majina ya vifaa unavyotumia kutembelea. Ombi hutumwa kupitia tovuti rasmi ya serikali, GOV.UK, au kwa halmashauri yenyewe, na ada ya beji kwa England haizidi pauni 10. Tovuti yoyote inayodai zaidi ya hapo si ya serikali, ifunge.

Hatua ya tatu: eleza mwendo, usieleze ugonjwa

Hapa ndipo ombi huokoka au hupotea, kwa hiyo nitakaa hapa kwa muda.

Mpimaji hatoi beji kwa sababu ya jina la ugonjwa. Watu wawili wanaweza kuwa na baridi yabisi ya magoti, mmoja akapewa na mwingine akanyimwa, na uamuzi ukawa sahihi kwa wote wawili. Anachotaka kujua ni umbali unaoweza kwenda, mwendo wako ni wa kasi gani, unasimama mara ngapi, maumivu na pumzi vikoje ukiwa njiani, unatumia fimbo au mkono wa mtu, na unachukua muda gani kupata nafuu baada ya kufika. Mama mmoja aliniletea fomu aliyoandikiwa na mwanawe: “Ana maumivu ya magoti na hutembea kwa shida.” Sentensi hiyo ni ya kweli, lakini haimwambii mpimaji lolote. Tulitoka nje pamoja, tukatembea kutoka mlangoni pake kuelekea kituo cha basi, nami nikahesabu. Alisimama kwenye nguzo ya kwanza ya taa akaishika, akasimama tena kwenye ya pili, na kabla ya ya tatu akaketi juu ya ukuta wa jirani na kusema kwamba hawezi tena. Tuliyaandika hayo jinsi yalivyokuwa, pamoja na umbali na dakika, na maelezo hayo yakajaza nusu ukurasa.

Fanya hivyo hivyo. Pima umbali kutoka mlango wako hadi mahali unapolazimika kusimama kwa mara ya kwanza. Andika siku mbaya ikoje, siku ya kawaida ikoje, na katika wiki moja siku mbaya ni ngapi. Usikuze, kwa maana kutoa maelezo ya uongo ni kosa na tena humharibia njia mwenye haki atakayekuja baada yako. Lakini usipunguze pia. Ikiwa unafika dukani kwa sababu binti yako anakushika mkono mwendo wote, basi hufiki dukani peke yako, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuandikwa.

Kwa ulemavu usioonekana, eleza kinachotokea kati ya gari na mlango. Mzazi wa mtoto mwenye usonji asiandike tu kwamba mtoto ni msumbufu. Aeleze kwamba mtoto huchomoka na kukimbilia barabarani bila kutazama magari, limetokea mara ngapi, na nani aliyemshika.

Jambo la mkalimani nalo ni zito. Mzee hatataja mbele ya mkwewe kwamba anashindwa kuwahi choo, na mama hataki mwanawe ajue kwamba alianguka bafuni. Tafuta mtu wa nje ya familia, au iulize halmashauri kama inaweza kuleta mkalimani.

Hatua ya nne: siku ya kupimwa

Baadhi ya watu wa njia ya pili huitwa mbele ya mtaalamu wa tiba ya viungo. Vaa viatu unavyovaa kila siku, beba fimbo yako, na kunywa dawa kama kawaida. Mtaalamu anaweza kukutazama tangu unapoinuka kitini, si pale tu anapokuambia utembee. Na atakapokuuliza “Hujambo leo?” kwa lugha yake, kumbuka kwamba yumo kazini. Sisi hujibu “Sijambo, namshukuru Mungu” hata tukiwa kitandani, na jibu hilo likitafsiriwa neno kwa neno huandikwa kwamba mgonjwa hana tatizo. Mshukuru Mungu, kisha umwambie kwamba jana usiku hukulala kwa maumivu.

Majibu yanaweza kuchukua wiki 12 au zaidi. Ukikataliwa, halmashauri inapaswa kukueleza sababu, nawe unaweza kuiomba ilitazame ombi upya ukionyesha kile ambacho hakikuzingatiwa. Hakuna baraza maalumu la rufaa kwa jambo hili. Kama utaratibu wenyewe ulikosewa, malalamiko hupelekwa kwa mchunguzi huru wa malalamiko dhidi ya halmashauri.

Hatua ya tano: weka beji na saa ipasavyo

Beji huwekwa juu ya dashibodi, upande wenye alama ya kiti cha magurudumu na tarehe ya mwisho ukitazama juu, na upande wa picha ukiwa chini. Pamoja nayo utapewa saa ya karatasi ngumu. Kwenye mistari ya njano, mmoja au miwili, unaruhusiwa kuegesha kwa muda usiozidi saa 3, saa hiyo ya karatasi ikionyesha robo saa uliyofika, na ukiondoka usirudi barabara hiyo hiyo kabla ya saa moja kupita. Lakini tazama ukingo wa barabara: ukiona michirizi ya njano juu yake, hapo kupakia na kupakua mizigo kumezuiwa, na beji haikulindi katika muda wa zuio hilo. Haikulindi pia kwenye mistari ya kona-kona karibu na vivuko vya miguu, wala kwenye njia ya mabasi katika saa zake za kazi.

Kwenye maegesho ya kulipia yaliyo barabarani, beji kwa kawaida hukuwezesha kukaa bure kwa muda unaouhitaji. Viwanja vya hospitali na maduka makubwa vina masharti yao. Soma kibao kabla ya kuondoka garini. Katikati ya London, yaani City of London, Westminster, Kensington and Chelsea na sehemu ya Camden, utaratibu huu hautumiki kikamilifu, na msamaha wa ada ya msongamano, inayotozwa magari yanayoingia katikati ya jiji, hupatikana tu kwa kujiandikisha kwanza Transport for London, mamlaka ya usafiri ya jiji hilo.

Hatua ya sita: linda haki hiyo

Beji ni ya mtu, si ya gari. Mwenyewe anaweza kuitumia katika teksi au gari la jirani, hata kama hajawahi kuendesha. Mwana anayeichukua kwenda kumnunulia mama dawa, mama akiwa nyumbani, anavunja sheria, na nia njema haimwokoi: faini inaweza kufika pauni 1,000. Tangu sheria ya mwaka 2013, afisa aliyeidhinishwa anaweza kuikagua beji hata akiwa hana sare, na kuizuia akikuta inatumiwa vibaya. Najua ukaguzi huu huwaudhi watu wetu, lakini naukubali. Kila nafasi inayochukuliwa na asiyestahiki humlazimisha mwingine kutembea umbali ambao mwili wake hauwezi.

Beji hudumu hadi miaka 3, au chini ya hapo ikiwa posho iliyoitegemeza inakwisha mapema. Haijihuishi yenyewe, kwa hiyo omba upya wiki 12 kabla ya tarehe ya mwisho. Ikipotea, itaarifu halmashauri. Mwenye beji akifariki, familia inapaswa kuirudisha kwa halmashauri iliyoitoa.