Kupanga na Kufundisha Mtaala Katika Shule ya Msingi: Mwongozo kwa Mwalimu wa Taaluma

Mtaala wa shule za msingi Tanzania Bara huandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), na hakuna shule ya umma iliyopewa mamlaka ya kuchagua itakachofundisha na itakachokiacha. Hata hivyo, shule mbili za kata moja, zenye mihtasari ileile (maelezo rasmi ya yanayofundishwa katika kila somo) na vitabu vilevile vya kiada, zinaweza kufunga mwaka zikiwa zimepishana sana, kwa sababu mambo yaliyoachwa mikononi mwa shule ni makubwa kuliko yanavyodhaniwa: matumizi ya muda, mgawanyo wa walimu, zana, na uamuzi wa lini darasa liko tayari kusonga mbele.

Kabla ya kuandika chochote, hakikisheni kila mwalimu ana muhtasari unaolihusu darasa lake. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024 kwa Elimu ya Awali, Darasa la I na Darasa la III, kisha ukaendelea kupanda pamoja na wanafunzi hao. Walioanza Darasa la III mwaka huo wanatarajiwa kuhitimu wakiwa Darasa la VI mwaka 2027, sambamba na kundi la mwisho la Darasa la VII. Katika kipindi hiki cha mpito, mwalimu mmoja anaweza kufundisha Hisabati katika madarasa mawili yanayofuatana huku kila darasa likiwa na muhtasari wake, na ni rahisi mno kwake kutumia azimio la kazi (mpango wa kufundisha mada kwa muhula au mwaka) la darasa moja kutengenezea la jingine. Anayekosa nakala anaweza kuipata bila malipo katika maktaba mtandao ya TET.

Kazi inayofuata ndiyo inayopuuzwa zaidi, nayo ni kuhesabu vipindi vilivyopo kwa kweli. Kalenda ya masomo huwa na siku 194 kwa mwaka, zilizogawanywa katika mihula miwili yenye likizo fupi katikati, lakini siku hizo zote haziwi za kufundisha. Chukueni kalenda na kuondoa, kwa kalamu nyekundu, sikukuu za kitaifa na za dini, wiki za mitihani ya katikati na ya mwisho wa muhula, siku ambazo madarasa hutumika kwa mitihani ya taifa, na siku ambazo walimu wa michezo huwa kwenye UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi. Kwa mfano, somo lenye vipindi vitano kwa wiki katika muhula wa wiki 19 linaonekana kuwa na vipindi 95. Ukiondoa wiki mbili za mitihani na wiki moja inayomegwa na sikukuu, vinabaki 80, na ukitenga kumi vya marudio na vya kufidia siku za mvua kubwa au za mwalimu kuugua, unabaki na 70. Azimio la kazi lililopangwa kwa vipindi 95 limeshindwa kabla ya shule kufunguliwa, na mwalimu atalazimika kukimbiza mada za mwisho ilimradi shajara, yaani daftari la kumbukumbu za mada zilizofundishwa, ionekane imejaa.

Baada ya hesabu hiyo ndipo walimu wa somo moja wakae pamoja kuandaa azimio la kazi. Shule yenye mikondo miwili au mitatu isiruhusu kila mkondo kuwa na azimio lake, kwani mtihani utakuwa mmoja. Muhtasari unaonyesha umahiri mkuu, umahiri mahususi na shughuli za ujifunzaji, lakini idadi ya vipindi inayopendekezwa humo haimjui mwanafunzi wenu. Ikiwa nusu ya Darasa la III bado wanasoma kwa kuunganisha silabi kwa shida, ongezeni vipindi vya kusoma mwanzoni mwa muhula na kupunguza pale ambapo darasa lina nguvu. Kunakili azimio la mwaka jana na kubadili tarehe kunaokoa jioni moja, lakini gharama yake hulipwa na watoto mwaka mzima.

Andalio la somo, yaani mpango wa kipindi kimoja, ni la mwalimu mwenyewe, na kwa maoni ya mwandishi wa mwongozo huu, andalio la nusu ukurasa linalotaja maswali halisi ambayo mwalimu atayauliza ni bora kuliko la kurasa mbili lililojaa maneno kama “kuwaongoza wanafunzi kujadili”. Liandikwe likizingatia muda wa kipindi, ambao ni dakika 30 kwa Darasa la I na la II na dakika 40 kwa madarasa ya juu yake, na lizingatie pia idadi ya watoto waliomo. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, lakini yapo madarasa yenye zaidi ya 100, na huko kazi ya vikundi isiyo na viongozi waliofundishwa mapema huishia kwenye kelele. Wagawe wanafunzi katika vikundi vya kudumu tangu wiki ya kwanza, na kila kikundi kijue mahali pake pa kukaa, kiongozi wake na mtunza vifaa wake.

Kuhusu zana, fedha si kisingizio kikubwa. Vizibo vya soda na vijiti vinatosha kufundishia kuhesabu na thamani ya tarakimu, na kadi za herufi zinaweza kukatwa kutoka maboksi ya dukani.

Upimaji hauna budi kupangwa pamoja na azimio, na usisubiri mada ziishe. Mwalimu wa taaluma adai jedwali la utahini, linaloonyesha mgawanyo wa maswali kwa kila mada, kwa kila jaribio la muhula, ili maswali yasirundikane kwenye mada ambayo mtunzi anaipenda. Matokeo yasiishie kwenye wastani na nafasi ya mwanafunzi darasani. Kaeni na karatasi za majibu na kutazama ni swali lipi lililowashinda wengi, na walikosea kwa namna gani. Mtoto anayeandika kuwa 52 ukitoa 27 ni 35 ametoa tarakimu ndogo kutoka kubwa bila kujali ipo juu au chini. Huyo hahitaji mada nzima irudiwe, anahitaji kipindi rekebishi kimoja au viwili vya kuazima kutoka makumi.

Ukaguzi wa ndani usiwe wa kugonga mhuri tu. Mwalimu mkuu na mwalimu wa taaluma wachague madaftari machache ya wanafunzi kila wiki na kuyalinganisha na shajara ya somo, kwa kuwa shajara inaweza kusema mada imekamilika huku daftari likiwa na zoezi moja lisilosahihishwa. Wakiingia darasani wakae nyuma, wasimkatize mwalimu, na mazungumzo yafanyike faragha baadaye. Matatizo yanayojitokeza kwa walimu wengi yapelekwe kwenye vikao vya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) vya shule, ambako mwalimu anayeimudu mada atawafundisha wenzake. Shule ikifanya hivyo, Mthibiti Ubora, yaani mkaguzi wa shule wa serikali, atakapofika hakutakuwa na haja ya kukesha kujaza nyaraka.

Sehemu ya maoni katika azimio la kazi na katika andalio ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote, ingawa mara nyingi huandikwa “somo limeeleweka” kuanzia Januari hadi Novemba. Mwalimu aandike kilichotokea: ni wangapi walioshindwa, mfano upi uliwachanganya, vipindi vingapi viliongezwa na kwa nini. Kabla ya kufunga shule Desemba, mwalimu wa kila somo akabidhi azimio hilo lenye maoni kwa atakayelipokea darasa Januari, pamoja na orodha ya wanafunzi ambao bado hawajamudu kusoma, kuandika na kuhesabu, na makabidhiano hayo yafanyike ana kwa ana, mbele ya mwalimu wa taaluma.