Kupanga kozi ya Moodle ili mwanafunzi asipotee

Mwongozo huu ni wa wahadhiri wanaofundishia kwenye Moodle, mfumo wa kufundishia mtandaoni, ile ile inayoendesha MUELE, tovuti ya masomo ya Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda. Mfano ni kozi ya sarufi ya Kiswahili ya wiki 15, iliyofundishwa mwaka jana na sasa inarudiwa. Kipimo ni hiki: mwanafunzi aliye Kisoro, mwenye simu na bando dogo, afike kwenye kazi ya wiki hii kwa kubofya mara mbili.

Hatua ya 1: Gawanya kwa wiki

Kila wiki iwe na sehemu yake, na ndani yake vitu vifuatane vile vile daima: maelezo mafupi, notisi za somo, majadiliano, zoezi. Kichwa kitaje wiki na mada, "Wiki ya 3: Ngeli za nomino". Tarehe usiiweke kwenye kichwa. Tarehe zote ziandikwe kwenye ukurasa mmoja wa ratiba, juu kabisa, karibu na matangazo.

Hatua ya 2: Mafaili yakae ndani ya Moodle

Viungo vya Google Drive achana navyo. Ukigawa faili kwa akaunti ya chuo, mwenye Gmail ya kawaida anaweza kuambiwa aombe ruhusa, tena saa tano usiku wewe umelala. Isitoshe, programu ya Moodle ya simu, chuo kikiwa kimeiruhusu, hupakua notisi penye Wi-Fi zikasomwa baadaye bila mtandao. Za Drive hazipakuliwi hivyo. PDF ya kurasa zilizopigwa picha ipunguze kwanza: data nchini Uganda imewekewa ushuru wa 12% tangu Julai 2021, na notisi za kurasa kumi hazina haki ya kula MB 40.

Hatua ya 3: Usifiche wiki zijazo

Aliyepata Wi-Fi leo apakue za mwezi mzima.

Hatua ya 4: Sogeza tarehe

Hapa ndipo kozi nyingi huharibika. Tengeneza kwanza nakala ya akiba na uihifadhi kwenye kompyuta yako, kwa sababu "Reset", amri ya kuandaa kozi kwa darasa jipya na kusogeza tarehe zake, hufuta kazi za wanafunzi wa zamani kulingana na visanduku ulivyoweka alama, na zikifutwa hazirudi.

Tarehe mpya ya kuanza iandike ndani ya "Reset" kwenyewe. Ukiibadilisha mapema kwenye mipangilio ya kozi, Moodle itaona tofauti ni sifuri na haitasogeza chochote. Angalia pia tarehe ya zamani iliangukia siku gani. Kutoka Jumatatu 4 Agosti 2025 hadi Jumatatu 3 Agosti 2026 ni siku 364, yaani wiki 52 kamili, kwa hiyo zoezi la Ijumaa hubaki Ijumaa. Lakini kama mwaka jana mfumo ulisoma Jumatano 6 Agosti, mazoezi yako yote ya Ijumaa yatahamia Jumatano.

Hata hesabu ikienda sawa, sikukuu hazihami nayo. Zoezi la wiki ya 10 sasa litaangukia 9 Oktoba 2026, siku ya Uhuru wa Uganda. Lisogeze kwa mkono.

Kisha fungua kila zoezi. "Due date" ikipita, kazi bado hupokelewa na kuhesabiwa imechelewa. "Cut-off date" ikipita, mlango umefungwa. Napendelea siku tatu kati ya hizo mbili, maana umeme hukatika. Moodle hupenda kujaza saa 00:00, na Ijumaa 00:00 ni pale Alhamisi inapoisha. Nusu ya darasa itadhani bado ina siku nzima. Weka 17:00, wakati watu wa TEHAMA bado wako ofisini.

Tarehe ulizochapa ndani ya maelezo hazisogei kabisa. Zitafute na uzifute, ubaki na ule ukurasa wa ratiba. Viungo vilivyobandikwa kwa mkono navyo huenda vinaelekeza kwenye kozi nyingine, ambako mwanafunzi mpya hajasajiliwa.

Hatua ya 5: Pita kama mwanafunzi

Tumia "Switch role to", chagua mwanafunzi, ubofye kila kitu cha wiki ya 1 na ya 2. Kisha rudia kwa simu, Wi-Fi ikiwa imezimwa. Faili litakalokukawiza wewe uliye Kampala halitafunguka Moroto. Lipunguze au ligawe mara mbili.