Presha iko sawa, dawa nimpe? Hatua za muuguzi kabla ya kutoa au kusitisha dozi

Mgonjwa amepimwa, ana 118/74. Muuguzi anasema "presha iko sawa", dozi hampi. Nilipoanza kazi nami nilifanya hivyo, kwa mama aliyekuwa akitumia klonidini, dawa ya presha ambayo ikikatishwa ghafla presha huruka juu. Kesho yake asubuhi presha ilikuwa 190 na kichwa kinamuuma vibaya. Ile presha ya mwanzo ilikuwa sawa kwa sababu dawa ilikuwa ikifanya kazi.

Hatua ya 1: Pima mwenyewe. Akae dakika 5, ameegemea, miguu hajaipishanisha, mkono usawa wa moyo. Mkanda wa kipimo ukiwa mdogo hupandisha namba, mkubwa mno huishusha. Namba ikikutia shaka, rudia baada ya dakika 1 au 2.

Hatua ya 2: Soma agizo. Madaktari wengi huweka mpaka: dozi isitolewe presha ya juu (namba ya kwanza) ikiwa chini ya 100 (wengine 90), au mapigo yakiwa chini ya 60 (wengine 50). Mpaka haukuandikwa? Uliza, usijitungie.

Hatua ya 3: Mtazame mgonjwa, kisha namba za jana na juzi. Mwenye moyo dhaifu anaweza kuishi vizuri na 96, na dawa hizi za presha ndizo zinazoubeba moyo wake. Lakini aliyekuwa na 160 jana, leo 104, anatapika au anaharisha, huyo nina wasiwasi naye. Anayeona kizunguzungu mpime amelala, kisha ndani ya dakika 3 za kusimama: presha ya juu ikishuka 20 au ya chini (namba ya pili) ikishuka 10, mjulishe daktari kabla ya kutoa dozi.

Hatua ya 4: Jua ni dawa gani. Hapa ndipo wengi wetu tunateleza, tunazihesabu zote kuwa "za presha" tu.
- Atenololi na ndugu zake (beta-bloka, hupunguza kasi ya moyo): hesabu mapigo dakika nzima. Kuzikatisha ghafla ni hatari, hasa kwa mwenye ugonjwa wa moyo.
- Enalaprili, losartani: angalia vipimo vya potasiamu (madini ya damu) na figo. Midomo au ulimi ukivimba, usitoe. Ita daktari papo hapo. Mjamzito hapewi.
- Furosemidi (dawa ya kukojoza): aliyepungukiwa maji au potasiamu, uliza kwanza.
- Amlodipini hukaa mwilini zaidi ya siku moja. Kuiacha leo hakutapandisha presha iliyoshuka sasa hivi.

Hatua ya 5: Ukisitisha, mpigie daktari wakati huohuo. Andika presha, mapigo, saa, sababu na alichojibu. Wa zamu inayofuata mwambie kama ni dozi hii moja tu au hadi daktari amwone mgonjwa.