Kabla ya Kulipia Gemu Ambayo Haijaisha

Gemu yenye lebo ya Early Access kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, inauzwa huku bado inatengenezwa. Mpango huo ulianza Machi 2013, na ubishi kuhusu bei haujatulia tangu hapo. Ukitaka kujua kama bei ni halali, pima kilichomo leo. Ahadi za mwakani zihesabu sufuri.

Anza na shilingi. Steam humwonyesha mteja wa Kenya bei kwa dola. Dola ikiwa shilingi 130, gemu ya dola 19.99 ni kama 2,600, ya 29.99 ni 3,900, na ya 59.99 inakaribia 7,800. Ukilipa kwa kadi ya M-Pesa GlobalPay, acha ziada ya mia mbili tatu kwenye akaunti, maana kiwango cha ubadilishaji kikizidi ulichopiga, malipo hukataliwa. CVV yake, yaani tarakimu za siri za kuthibitisha malipo, ni ya muda, kwa hiyo iombe ukiwa tayari umefika ukurasa wa kulipa.

Bando nalo ni sehemu ya bei. Gemu ya Valheim haijazi hata kona ya diski, ilhali ya Baldur's Gate 3 huhitaji GB 150. Gemu isiyokamilika huja na apdeti kila mara, na nyingine hurudia kupakua faili kubwa nzima kwa sababu ya badiliko dogo ndani yake. Mwenye faiba pale Milimani, Kisumu, hatajali. Anayetumia hotspoti ya simu Manyatta aingie kwenye mipangilio ya gemu hiyo na kuchagua apdeti ije tu anapoifungua.

Halafu mashine. Laptopu nyingi za ex-UK, yaani za mitumba kutoka Uingereza, zina RAM ya GB 8 na hazina kadi ya grafiki ya pekee. Watengenezaji kwa kawaida huacha kazi ya kupunguza uzito wa gemu hadi mwishoni, kwa hiyo toleo la mapema linaweza kukwama hata pale ambapo toleo kamili lingepita. Usinunue kwa tumaini kwamba itakuja kuwa nyepesi.

Sasa soma ukurasa wa gemu. Steam humtaka mtengenezaji ajibu maswali kadhaa: itachukua muda gani, hali yake ya sasa ikoje, bei itabadilika? Hilo la mwisho wengi hulipita, na ndilo lenye pesa. Factorio ilitoka dola 20 ikapanda hadi 30 mwaka 2018 kabla haijakamilika, ikafika 35 mwaka 2023, na haishushwi bei kamwe. Aliyewahi aliokoa. Hades pia ilipanda, kutoka 19.99 hadi 24.99.

Upande wa pili yuko Kerbal Space Program 2. Ilitoka Februari 2023 kwa dola 49.99, ikidai angalau kadi ya grafiki ya RTX 2060, na mambo mengi yaliyotangazwa hayakuwemo. Mwaka uliofuata studio yake ikafungwa. Huko ndiko kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kwa hiyo hadi dola 20, nunua kama ulichokiona kwenye video za wachezaji wa mwezi huu kinakutosha hivyo kilivyo. Kwa dola 30, tafuta kwanza apdeti kadhaa zenye uzito. Kuvuka 40, subiri. Baldur's Gate 3 iliuzwa 59.99 mwaka 2020 ikiwa na sehemu ya kwanza tu, lakini watengenezaji wake, Larian, walikuwa wameshapitisha gemu yao ya Divinity: Original Sin 2 njia hiyo hiyo na kuimaliza. Bila rekodi kama hiyo, bei kamili kwa nusu ya gemu ni ghali, hata picha ziwe nzuri vipi.

Kagua tarehe za apdeti kwenye habari za gemu, na mwenendo wa bei kwenye SteamDB, tovuti inayoweka kumbukumbu za gemu za Steam. Steam huweka ilani gemu ikipitisha mwaka bila apdeti, lakini kimya cha miezi sita kinatosha kukufanya uahirishe. Kwenye maoni, chuja ya siku 30 za karibuni; sifa za miaka mitatu nyuma zilitolewa kwa gemu nyingine kabisa.

Ukishanunua, saa inakimbia. Kwa kawaida Steam hurudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 tangu kununua na ukiwa umecheza chini ya saa 2. Usilipe kabla ya kupata bando la kutosha, siku zisije zikakuishia hujapakua. Muda wa kupakua hauhesabiwi kama kucheza, lakini gemu iliyoachwa wazi kwenye menyu ukienda kula inahesabiwa. Weka kengele ya dakika 90. Dakika 20 za kwanza zitumie kujaribu mipangilio ya grafiki, kisha uhifadhi, ufunge, ufungue tena uone kama uhifadhi umeshika. Hapo ndipo toleo changa huanguka.

Kuomba, ingia sehemu ya usaidizi ya Steam, chagua ununuzi, kisha uombe kurudishiwa. Ombi likikubaliwa, pesa hutumwa ndani ya wiki moja, ingawa njia za malipo za kimataifa zinaweza kuchelewa zaidi. Kama utanunua gemu nyingine, elekeza pesa hizo kwenye pochi ya Steam, yaani salio lako humo humo dukani, usije ukakatwa tena kwenye ubadilishaji.