Meza ya Mtakatifu Patrick: mchuzi mweupe wa kondoo, kolkanoni na mkate wa soda

Tarehe 17 Machi ni sikukuu ya Mtakatifu Patrick, msimamizi wa Ayalandi, na huko ni siku ya mapumziko tangu 1903. Huangukia ndani ya Kwaresima, ila kwa desturi ya Waayalandi mwiko wa nyama huondolewa siku hiyo moja, ndiyo maana meza yake ina nyama. Vyakula vilivyo hapa vinatosha watu 6, na havina nguruwe wala pombe.

Wengi wakisikia sikukuu hii hufikiria nyama ya ng'ombe ya chumvi na kabichi. Hicho ni chakula cha wahamiaji wa New York, waliokuta nyama hiyo kwa wachinjaji wa Kiyahudi. Kwao Ayalandi kabichi ilipikwa na nyama ya nguruwe, na kondoo akapikwa hivi tunavyoeleza.

Mkono uliozoea pilau utawashwa. Hapa hakuna kukaanga kitunguu, hakuna nyanya, binzari wala tangawizi. Ladha yote inatoka kwenye mfupa, kitunguu na kiazi, na ukiongeza kiungo kikali kimoja tu, hivyo vitatu havisikiki tena.

Kama mnakula saa 7 mchana, bandika nyama saa 4 kamili. Viazi vya kolkanoni, yaani viazi vya kuponda vyenye mboga ya majani, viingie jikoni saa 6 kasorobo, na mkate uwe ndani ya oveni saa 6 kamili.

MCHUZI WA KONDOO

Nunua kilo 1 na nusu ya shingo na mbavu, zikatwe na mfupa wake vipande vya sentimita 5 hivi. Paja halifai: halina mfupa wa kutosha, na nyama yake hukauka. Kondoo wetu wengi wana mkia wa mafuta, basi usichukue mafuta ya mkia, na punguza kwa kisu yale manene yaliyoshikana na mbavu. Ukikosa kondoo, mbuzi anafaa, ila muongezee nusu saa.

Hatua ya 1. Weka nyama kwenye sufuria nzito, mimina maji baridi lita 1 na nusu, washa moto wa wastani. Usikaange kwanza, maana mchuzi huu unatakiwa uwe mweupe. Maji yakikaribia kuchemka, povu la kijivu litapanda. Liengue kwa upawa kwa dakika 10 hivi, mpaka linalokuja liwe jeupe na jepesi. Ukianza na maji ya moto, povu halipandi vizuri, linabaki chembechembe ndani na mchuzi unakuwa na ukungu.

Hatua ya 2. Tia vitunguu maji nusu kilo vilivyokatwa duara nene, viazi mviringo nusu kilo vilivyokatwa vyembamba kama vya kukaangia krispi, chumvi vijiko 2 vya chai, pilipili manga nusu kijiko cha chai, na vijiti 2 vya thaimu. Viazi hivi ni vya kupotea. Vitavunjika na kuupa mchuzi uzito, kwa hiyo hakuna haja ya unga.

Funika, punguza moto, acha saa 1 na nusu. Moto ndio huharibu chakula hiki kuliko kitu kingine. Funua uangalie: kiputo kimoja kipasuke hapa, kingine kule, juu patikisike tu. Ikitokota kwa fujo, nyama inakazana, na mafuta yanavurugika na maji hata hayaenguliki tena. Kondoo mzee anaweza kutaka saa 2. Endelea tu pale uma unapoingia kwenye nyama bila kusukumwa.

Hatua ya 3. Menya viazi kilo 1, vikubwa, ukate nusu. Vipange juu ya nyama, nyunyiza chumvi kidogo, funika. Usikoroge. Nusu ya chini inaiva kwa mchuzi na nusu ya juu kwa mvuke, na ukikoroga vitaungana na vile vya kwanza viwe rojo moja. Vinahitaji dakika 35 hadi 40.

Karoti ina ubishi wake: wapishi wa kale wanaikataa, wa leo wengi wanaitia. Karoti 3 zilizokatwa vipande vikubwa, zikiingia pamoja na viazi vya pili, haziharibu kitu. Zikiingia mapema zinaleta utamu wa sukari na kuubadilisha mchuzi rangi.

Mwishoni uzito uwe wa uji mwepesi. Ukiwa majimaji, ponda vipande vichache vya kiazi kwenye ukingo wa sufuria kwa mwiko, usubiri dakika 5. Nyunyiza pasili iliyokatwakatwa, na upakue kwenye sahani zilizopashwa moto. Sahani baridi hugandisha mafuta ya kondoo mara moja, yakashika kwenye ulimi, na hapo ndipo mtu husema kondoo ananuka.

KOLKANONI

Kwa Waayalandi hiki ni chakula cha usiku wa 31 Oktoba hasa, ambapo pete ilifichwa ndani na aliyeipata akaambiwa ataoa au kuolewa, lakini kinakaa vizuri kwenye meza ya Machi. Anayeendelea kufunga nyama anaweza kushiba hiki peke yake.

Chukua viazi kilo 1 vya unga, vile vinavyopasuka ganda vikichemshwa. Chemsha na maganda yake kwa maji ya chumvi, kwani kiazi kilichomenywa kabla hunywa maji na kuponda kwake huwa maji. Vikiiva mwaga maji, rudisha sufuria kwenye moto mdogo sana dakika 2 mvuke utoke, kisha menya vikiwa moto, ukishika kwa kitambaa.

Wakati vinachemka, pika sukuma wiki gramu 300 iliyokatwa nyembamba bila vikonyo, dakika 5 tu, halafu ikamue kwa nguvu kama unavyokamua tui. Kabichi nayo inafaa. Pembeni chemsha maziwa mililita 200 pamoja na vitunguu majani 5, ili maziwa yabebe harufu yake.

Ponda viazi kwa mwiko au kipondeo huku ukimimina maziwa ya moto. Maziwa baridi hukaza wanga. Usitumie blenda hata kama una haraka: visu vyake hupasua chembe za wanga, na ndani ya nusu dakika una gundi isiyorekebishika. Changanya mboga, chumvi, pilipili manga na gramu 50 za siagi. Ukishapakua, chimba kisima katikati na uweke gramu nyingine 50 ziyeyuke humo. Huliwa kuanzia ukingoni, kila tonge likichovywa kisimani.

MKATE WA SODA

Ngano ya Ayalandi ni laini, haina nguvu ya kutosha kushikilia hamira. Bekingi soda ilipowafikia katika karne ya 19, ikawapa mkate usiosubiri kuumuka. Hivyo unga wa matumizi yote au wa keki ni bora kuliko unga mgumu wa mikate.

Mahitaji: unga mweupe gramu 250, unga wa atta gramu 200, chumvi kijiko 1 cha chai, bekingi soda kijiko 1 cha chai kilichosawazishwa kwa kisu, mtindi mililita 380 hadi 400.

Mtindi kwa maana yake ya asili, maziwa yaliyobaki baada ya kusukwa siagi, ndio hasa unaotumika Ayalandi. Ule mzito wa dukani uzimue: vikombe 3 vya mtindi kwa kikombe 1 cha maji. Asidi yake ndiyo inayoamsha soda. Bekingi poda si mbadala, kwa kuwa inabeba asidi yake yenyewe, na uchachu wa mtindi unabaki mkateni. Magadi ya maharage yaache kabisa: ni makali, na mkate utaonja sabuni.

Washa oveni nyuzi 220 kabla ya kugusa maziwa. Soda ikilowa inaanza kutoa hewa papo hapo, na oveni ikiwa bado baridi hewa hiyo inapotea bure.

Chekecha soda pamoja na unga. Kidonge chochote kitakachopita kitaonekana kwenye kipande kama doa la njano lenye uchungu. Chimba shimo katikati, mimina karibu mtindi wote. Tanua vidole, vikaze, uzungushe mkono kutoka katikati kuelekea ukingoni. Mizunguko 10 au 12 inatosha. Donge litakuwa zito, lenye kunata, na sura ya kuvurugika, na linatakiwa liwe hivyo hivyo. Hili si la chapati: ukilikanda, mkate utakuwa tofali.

Liweke kwenye unga, paka mikono unga, ulizungushe liwe duara la kimo cha sentimita 4. Kata msalaba kwa kisu, uingie nusu ya kina. Bila mkato huo moto hauingii katikati, nje kunaungua ndani kukiwa kubichi. Oka dakika 15, punguza hadi nyuzi 200, oka nyingine 25 hadi 30. Geuza mkate na uugonge chini: sauti iwe tupu kama ya ngoma. Ikiwa nzito, urudishe kichwa chini dakika 5.

Huna oveni? Waayalandi wa mashambani nao hawakuwa nayo. Walitumia chungu cha chuma chenye makaa juu ya mfuniko, sawasawa na tunavyopalia wali. Pasha sufuria nzito, nyunyiza unga chini, weka mkate, funika. Makaa machache chini na mengi juu, dakika 45 hivi. Yakiwa mengi chini, kitako kinaungua kabla ya robo saa.

Ukiutaka laini, ufunge kwa kitambaa safi ungali moto. Ule siku hiyo hiyo, kesho yake ni wa kuchoma na kupaka siagi. Kolkanoni iliyobaki ikaange kwa siagi vipande bapa mpaka ifanye ukoko. Mchuzi uweke kwenye friji, na asubuhi utanyanyua mafuta yote juu kama sahani nyeupe.